Je, Anga Hutangulia Ardhi?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, mkoa wa Kagera ulitikisika. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilianzia kina cha kilomita 40 hivi, kaskazini-magharibi mwa Bukoba, kuelekea mpaka wa Uganda. Kuta za matofali ziliwaangukia watu mjini, sekondari kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya, na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Majeruhi walikuwa mamia. Nyumba zilizobomoka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu, na Rais John Magufuli akaahirisha safari yake ya Zambia alikokuwa amealikwa kwenye sherehe ya kuapishwa kwa Rais Edgar Lungu.

Kila tetemeko la namna hiyo huacha nyuma yake masimulizi. Mmoja hukumbuka kwamba mbwa walibweka usiku kucha, mwingine kwamba redio ilikwaruza, wa tatu kwamba mawingu yalikuwa na rangi asiyoizoea. Haipiti wiki simu nazo zinapokea ule ujumbe unaojulikana Afrika Mashariki yote: zimeni simu saa sita usiku, mionzi kutoka anga za juu inapita karibu na dunia. Ujumbe huo ni upuuzi mtupu. Lakini nyuma yake lipo swali ambalo wanafizikia wenye heshima zao wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka arobaini: je, mwamba unaokaribia kupasuka unaweza kutoa umeme au sumaku kiasi cha kuacha alama angani kabla ya ardhi kutikisika? Mhadhara huu unalichukua swali hilo na kulipeleka Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Kwanza, mtego mmoja. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika. Kwa saa za Tanzania ilikuwa saa 9:19 alasiri. La Kagera lilikuja saa 9:27 alasiri. Matetemeko mawili makubwa ya magharibi mwa nchi yamepishana kwa miaka kumi na moja kasoro, na kwa dakika nane tu za saa ya ukutani! Tena ni saa ambazo mawingu ya radi hupanda juu ya bara la Afrika, na Septemba na Desemba zote zina mvua katika maeneo hayo. Mtu mwenye kalamu nyepesi angeweza kuandika kesho kwamba radi za alasiri ndizo zinazoita matetemeko. Kisha angekutana na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, ambapo wakazi wa Dar es Salaam walitoka mbio kwenye maghorofa saa 2:13 baada ya tetemeko la ukubwa wa karibu 6.0 chini ya bahari, kusini-mashariki mwa jiji. Mwezi wa kiangazi, saa za usiku. Nadharia imekufa kabla ya kuoa.

Mtego wa saa tisa ni mdogo na unachekesha, lakini sehemu kubwa ya maandiko kuhusu dalili za angani imenaswa humo humo, tofauti ikiwa hesabu zao ni ngumu zaidi.

Hata hivyo wazo lenyewe halikosi msingi. Miamba ya kwatsi ikibanwa hutoa chaji za umeme. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza hutumia tabia ya jinsi hiyo kutoa cheche. Friedemann Freund, mtafiti aliyefanya kazi kwa miaka mingi na NASA, amebana mawe ya moto katika maabara na kupima mkondo wa umeme unaotoka upande wa jiwe ambao haukubanwa kabisa. Wengine wanayatazama maji: yakisukumwa katika vinyweleo vya mwamba, huburuta chaji pamoja nayo. Kundi la tatu linashika gesi ya radoni, ambayo ni ya mionzi, na nusu yake huoza kwa muda usiofika siku nne. Ikipenya kwenye nyufa na kutoka juu, huifanya hewa ipitishe umeme kwa urahisi zaidi, na mabadiliko hayo, wanasema, yanaweza kupanda hadi ayonosfia, tabaka la anga lenye chembe za umeme linaloanzia kilomita 60 hivi kwenda juu. Hakuna kati ya hatua hizi iliyo muujiza. Ugumu ni kuziunganisha zote, kutoka kina cha kilomita 40 chini ya Kagera mpaka kilomita mia kadhaa juu ya Ziwa Victoria, na ishara ifike ikiwa bado na nguvu ya kupimika.

Kisa kilichowapa watu matumaini makubwa kilitokea Marekani. Antony Fraser-Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa na kipimasumaku huko Corralitos, California, kikirekodi mabadiliko ya polepole sana ya sumaku ya dunia, na hakikuwekwa pale kuvizia tetemeko. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la Loma Prieta, ukubwa 6.9, likapiga na kuua watu 63. Kitovu chake kilikuwa umbali wa kilomita 7 tu kutoka kwenye chombo. Watafiti walipofungua kumbukumbu walikuta kwamba kelele za sumaku zilianza kupanda kama siku kumi na mbili kabla, na saa tatu kabla ya mtikisiko ziliruka juu kwa kiwango ambacho hawakuwahi kukiona.

Ni vigumu kueleza msisimko ulioletwa na mchoro ule mmoja. Vyombo vya namna hiyo vilipandwa Japani, Ugiriki, Taiwan na kwingineko. Mwaka 1995, tetemeko la Kobe lilipoua zaidi ya watu 6,400, Masashi Hayakawa na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za mawimbi ya redio ya masafa ya chini, yaliyorushwa kutoka Tsushima na kupokelewa Inubo. Njia ya mawimbi hayo hupita karibu na Kobe. Waliona kwamba siku chache kabla ya tetemeko, ile saa ya macheo na machweo ambapo mawimbi hudhoofika ilikuwa imesogea, kana kwamba ayonosfia imeshuka kidogo. Baada ya tetemeko la Tohoku la tarehe 11 Machi 2011, lenye ukubwa wa 9.0, Kosuke Heki alionyesha kwa data za GPS kwamba idadi ya elektroni juu ya eneo lile ilianza kuongezeka dakika 40 hivi kabla.

Kisha wakaja wakaguzi. Mwaka 2009, miaka ishirini baada ya Loma Prieta, tafiti mbili zilizifungua upya kumbukumbu za Corralitos. Mmoja ulizilinganisha na vituo vingine na kusema sehemu ya kelele ilitoka kwenye dhoruba za sumaku zinazosababishwa na jua. Wa pili uliona dalili kwamba chombo chenyewe huenda kilikuwa na hitilafu. Heki naye alipingwa na wenzake wa huko huko Japani, waliosema ongezeko lake limetokana na namna alivyochora mstari wa kawaida wa kulinganishia. Alijibu, nao wakajibu, na ubishi unaendelea. Pigo zito zaidi lilitoka Parkfield, kijiji cha California ambacho wanasayansi walikuwa wamekijaza vyombo vya kila aina wakisubiri tetemeko walilojua litakuja. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, ukubwa 6.0, katikati ya vipimasumaku, visima na mikanda ya kupima mkazo wa mwamba. Kabla yake vyombo havikuonyesha chochote cha kuaminika.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa dalili hulipita haraka, nalo ndilo moyo wa suala zima. Chukua chombo kinachopiga kelele mara mbili kila mwezi kwa sababu zake chenyewe: jua, radi, pampu ya jirani. Weka kanuni kwamba kelele yoyote iliyotokea ndani ya wiki mbili kabla ya tetemeko ni dalili. Kwa kanuni hiyo matetemeko mengi yatapata dalili zake, hata kama chombo na ardhi havijuani. Anayetaka kuaminiwa inabidi alete na zile siku ambazo kelele ilipigwa na nchi ikatulia, na yale matetemeko yaliyokuja kimya. Orodha ya namna hiyo ni nadra kuchapishwa. Ni ya kuchosha, na haimpi mtu jina.

Tahadhari isiyotaja mahali sawasawa ina hatari yake pia. Machi 2009, nchini Italia, fundi wa maabara aitwaye Giampaolo Giuliani alitegemea vipimo vyake vya radoni kuonya kuhusu tetemeko. Hofu iliangukia mji wa Sulmona. Siku ya Sulmona ikapita salama, na tarehe 6 Aprili L'Aquila, mji mwingine wa mkoa huo huo, ikabomoka na watu 309 wakafa. Wapo wanaomwita nabii aliyepuuzwa. Lakini mtu wa Sulmona ambaye angemwamini, akafunga virago na kwenda kwa ndugu zake L'Aquila, angekuwa ametoka penye usalama na kuingia kifusini.

Wafaransa walijaribu kuukata mzizi wa fitina kwa kwenda juu. Satelaiti yao DEMETER, iliyorushwa Juni 2004 kwa kazi hii hasa, ilizunguka dunia hadi Desemba 2010 katika kimo cha kilomita 700 hivi. Watafiti walipokusanya maelfu ya matetemeko kwa pamoja, waliona kitu: usiku, katika saa nne za mwisho kabla ya matetemeko ya kina kifupi, nguvu ya mawimbi ya masafa fulani ilipungua kidogo. Tofauti hiyo inaonekana katika wastani wa maelfu. Ukichukua tetemeko moja moja huioni, na watu huokolewa kwa tahadhari ya tetemeko moja. China, ikishirikiana na Italia, iliendeleza kazi hiyo kwa satelaiti ya Zhangheng-1 mnamo Februari 2018, na ya pili ikafuata Juni 2025.

Tarehe hizi zina ukatili wake kwa Tanzania. DEMETER ilikuwa angani wakati wa Ziwa Tanganyika 2005, na pia mwaka 2007 ardhi ilipopasuka karibu na Gelai na Ziwa Natron kabla ya Oldoinyo Lengai kulipuka. Zhangheng-1 ilikuwa angani tetemeko la pwani la 2020 lilipotokea. Kagera ya 2016, iliyoua wengi kuliko hayo, iliangukia katika pengo kati ya satelaiti hizo mbili.

Hata zingekuwapo zote, Afrika ya ikweta ni mahali pabaya pa kufanyia kazi hii. Mashariki mwa Kongo kuna sehemu ambazo satelaiti zimehesabu zaidi ya mimweko 200 ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, idadi inayopitwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Ziwa Victoria nalo limo katika safu ya mbele. Radi zote hizi hutoa mawimbi yanayozunguka dunia nzima kati ya ardhi na ayonosfia, yakivuma kwa takriban mizunguko minane kwa sekunde, na bara la Afrika ni mojawapo ya vyanzo vikuu vitatu vya uvumi huo. Juu zaidi, karibu na ikweta ya sumaku, ayonosfia haitulii: jua likishazama hutokea mapovu makubwa ya hewa yenye elektroni chache, yanayotosha kuyumbisha hata mawimbi ya GPS. Kutafuta ishara ya mwamba hapa ni kutega sikio kusikia mnong'ono katikati ya mnada wa ng'ombe. Anayedai ameusikia apewe kazi ya kueleza kwanza aliwanyamazishaje wanadi.

Kinachoshangaza ni kwamba upande wa pili wa habari hii hauna ubishi. Tetemeko likishatokea, anga hujibu. Ardhi au bahari inapoinuka ghafla husukuma hewa, wimbi hupanda, na baada ya dakika kumi hivi ayonosfia hucheza. Jambo hilo lilionekana tangu tetemeko la Alaska la mwaka 1964, na leo vipokezi vya GPS hulichora vizuri. Mawimbi ya redio yana faida nyingine iliyo nyepesi kueleweka. Mtikisiko mzito husafiri kilomita tatu na nusu hivi kwa sekunde ndani ya mwamba. Redio husafiri kilomita 300,000. Mexico tangu 1991, na Japani kwa umma wote tangu 2007, hutumia tofauti hiyo: vipimo vilivyo karibu na kitovu vikishtuka, ving'ora hulia mjini kabla mtikisiko haujafika. Kwa Bukoba ya 2016 zingekuwa sekunde chache, pengine za kutosha kumtoa mtoto chini ya ukuta, kama mtandao wa vipimo ungekuwapo na watu wangekuwa wamezoeshwa cha kufanya.

Na Bigwa je? Safu ya Uluguru ni miamba mikongwe iliyopikwa kwenye joto kali zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, kisha ikainuliwa kwa kukatwa na nyufa pembeni, ndiyo maana inasimama ghafla hivyo juu ya tambarare za Mkata na Ngerengere. Bondwa, kilele kinachoukalia mji wa Morogoro, kinapita mita 2,100. Matawi ya Bonde la Ufa hayako mbali. Lakini mkazi wa miteremko hii akiulizwa mlima umewahi kumfanyia nini, atataja mvua. Februari 1970, huko Mgeta upande wa magharibi, mvua kubwa ya saa chache iliangusha zaidi ya maporomoko elfu moja ya udongo. Wanajiografia waliyapima moja moja, wakaona kwamba mengi yalianzia kwenye mashamba na malisho, na machache mno yalianzia penye msitu.

Kwa hatari hiyo, mawimbi ya sumakuumeme ni rafiki aliyekwisha kuthibitika. Rada ya hali ya hewa hutuma mawimbi, matone ya mvua huyarudisha, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huona wingu likijazana kabla halijamwagika. Ni ajabu kidogo kwamba mtu anaweza kupokea kwenye simu uzushi wa mionzi ya usiku wa manane na kuusambaza kwa ndugu kumi, huku tahadhari ya mvua kubwa iliyotokana na rada akiipitisha kwa kidole bila kuisoma.

Morogoro ina mchango wake mwingine katika habari za matetemeko, nao unatembea kwa miguu minne. Shirika la APOPO, lililo na makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku. Panya hao wamejulikana kwa kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kundi jingine hufundishwa kuingia kwenye vifusi vya kuigiza wakiwa wamevaa kijifuko chenye kamera na kipaza sauti. Panya akimfikia mtu aliyefunikwa, huvuta swichi iliyo shingoni, kisha mlio humwita arudi kwa mwalimu wake. Washirika wa kazi hii ni waokoaji wa GEA wa Uturuki, nchi iliyopoteza zaidi ya watu 50,000 katika matetemeko ya Februari 2023. Wapo wanaouliza kama panya hao wangeweza pia kuhisi tetemeko kabla halijaja. Walimu wao wamechagua swali lenye jibu: kuna mtu hai chini ya zege hili, ndiyo au hapana? Panya akikosea, kosa huandikwa siku hiyo hiyo.

Kipimo cha aina hiyo ndicho kinachohitajika kwa dalili za angani, na kwa bahati ipo sehemu ambako kingeweza kuwekwa. Barabara inayotoka Bigwa kupitia Mvuha hadi Kisaki inaelekea upande wa bonde la Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Uzito wa maji mengi, na kupenya kwake kwenye nyufa, huweza kuamsha mitetemo. Huko Kariba, kwenye mto Zambezi, kujaza kulianza mwishoni mwa 1958, na Septemba 1963 likaja tetemeko lililozidi ukubwa wa 6. Kariba ni kubwa mara kadhaa kuliko bwawa la Rufiji, na hakuna sababu ya kuwatisha watu wa Kisaki. Ila mahali ambapo kina cha maji kinajulikana siku kwa siku, na mitetemo midogo inaweza kutarajiwa mara nyingi kuliko mikubwa, mtafiti hahitaji kungoja msiba ili ajue kama chombo chake kinasema kweli. Angeandika madai yake kabla, yakiwa na eneo, siku na ukubwa, akayaweka kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, kisha kila robo mwaka yakahesabiwa yaliyotimia na yaliyoanguka.

Kazi ya kwanza ingekuwa kuchagua uwanja. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inatembea kwa umeme wa volti 25,000, na kipimasumaku chepesi kitaisikia kila inapoondoka stesheni. Huko California treni za umeme za San Francisco zimewasumbua watafiti wa sumaku kwa miongo. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka bwawani kwenda Chalinze nayo ni ya kukwepwa. TAZARA, inayopita Kisaki, huvutwa na injini za dizeli, lakini behewa la chuma likipita karibu husogeza sindano vilevile, kwa hiyo chombo kingepaswa kukaa mbali na reli, penye udongo usiotembea na mlinzi asiyeegesha pikipiki yake mlangoni.